Wasichana wa kompyuta wasibebeshwe kazi ya chuo

Vyuo vikuu vyetu hupenda kuzionyesha klabu za wanafunzi wa kike wanaosoma kompyuta kila wageni wanapofika. Wageni wakishaondoka, wasichana walewale hurudi kuchangishana pesa za bando na kuzungusha barua ya kuomba ukumbi ofisi hadi ofisi. Kuwafanya wasichana wabaki na wafaulu katika fani hii ni wajibu wa chuo, na chuo kimeukwepa.

Ushahidi upo. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, wanawake walikuwa asilimia 7 tu ya waliojiunga na shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 1995. Kufikia 2000 walikuwa asilimia 42. Kikundi cha wanawake cha Women@SCS, kilichoanza chuoni humo 1999 chini ya ulezi wa Profesa Lenore Blum, kinasifiwa kwa hilo, na kinastahili. Lakini kilikuta njia imeshaanza kufyekwa. Watafiti Jane Margolis na Allan Fisher walikuwa wamewahoji wanafunzi zaidi ya 100 kwa miaka minne, wakabaini kwamba wavulana wengi walifika chuoni wakiwa wamezoea kompyuta tangu utotoni, na mazoea hayo yakahesabiwa kuwa kipaji. Chuo kikaacha kumpendelea mwombaji aliyekwisha kuandika programu, kikafungua masomo ya kuanzia ya ngazi mbalimbali. Viwango havikushushwa.

Sasa tuingie katika maabara zetu. Kazi ya kikundi ikitolewa, mvulana hushika kibodi. Msichana huambiwa aandae ripoti na slaidi, eti ana mwandiko mzuri wa maelezo. Alama wanagawana sawa. Miaka mitatu baadaye anaingia kwenye usaili wa kazi, anaombwa aandike programu mbele ya jopo, na hajawahi kuachiwa kibodi. Mhadhiri huliona hili kila muhula na kulinyamazia. Usiku nako, njia ya kutoka maabara hadi hosteli ikiwa giza, msichana hufunga kazi mapema huku wenzake wakiendelea. Klabu haiwezi kuweka taa wala kubadili namna ya kusahihisha.

Wanawake wa fani hii walioanzisha AkiraChix, shirika la kuwafunza wasichana teknolojia, jijini Nairobi mwaka 2010 walijitolea, nasi tunawaheshimu. Chuo hakijitolei. Kinapokea ada kamili ya msichana, kama ya mwenzake wa kiume.

Kwa hiyo hukumu yetu ni kwamba wakuu wa idara wamezembea. Kila mwanafunzi apimwe kwa programu aliyoiandika mwenyewe, mmoja mmoja. Njia ya maabara iwe na taa na mlinzi. Klabu ipewe fungu katika bajeti na mhadhiri mlezi ambaye saa zake zinahesabiwa kazini. Kila mwaka idara itangaze wasichana wangapi waliingia, wangapi walihitimu, na wangapi waliacha njiani na kwa nini.