Kapasita Mpya Haiungi Njia Iliyokatika



Ndugu wasomaji, leo tunaomba mtuvumilie tukianza na kompyuta kuukuu kabla ya kufika parokiani. Tumeiangalia kwa karibu muhula huu, na imetukumbusha jambo ambalo sisi Wakatoliki tunalisoma katika Katekisimu lakini tunalisahau haraka tunapopatanishana: kuondoa chanzo cha ubaya ni kazi moja, na kurekebisha madhara yake ni kazi nyingine.

Kompyuta yenyewe ni Macintosh SE/30, aina iliyoanza kuuzwa na Apple mwaka 1989. Ni kisanduku kimoja chenye kioo cha inchi 9 kinachoonyesha rangi nyeusi na nyeupe tu, na prosesa yake, Motorola 68030, huenda kwa kasi ya takriban megahezi 16. Simu ya bei nafuu mfukoni mwa msomaji inaizidi mara nyingi sana. Mmisionari mmoja aliiacha seminarini pamoja na boksi la flopi zenye mafundisho ya wakatekumeni aliyoyaandika kwa miaka kadhaa.

Tungekuwa na njia ya mkato tusingeigusa. Lakini flopi hizo ni za kilobaiti 800, na ziliandikwa kwa mfumo ambao mzunguko wa diski hubadilika kasi kulingana na mahali kichwa cha kusomea kilipo. Visomaji vya flopi vya kuchomeka kwenye USB havina uwezo huo. SE/30 inao. Ama ifufuke yenyewe, ama mafundisho yabaki kifungoni.

Ilipowashwa, kioo kilijaa mistari myeupe na myeusi ya kulala, na ile sauti ya kuamka haikusikika. Maana ya mistari hiyo inajulikana: prosesa haijafika hata kwenye hatua ya kusafisha kumbukumbu ya kioo, kwa hiyo kioo kinaonyesha chochote kilichomo. Tatizo lilikuwa kwenye bodi kuu, ambayo Apple huiita kwa jina linalotuhusu sisi wanafalsafa: bodi ya mantiki.

Mantiki ya binadamu ndiyo iliyoyumba kwanza. Kompyuta ilikuwa imehamishwa kutoka ofisini kwenda stoo, na ikakataa kuwaka baada ya hapo. Basi wengi wakasema walioibeba ndio walioiharibu. Ni kosa tunalofundishwa mwaka wa kwanza kabisa: jambo kutokea baada ya jingine si ushahidi kwamba limesababishwa nalo. Aristotle alituachia kipimo kigumu zaidi, kwamba hatujakijua kitu mpaka tujue sababu yake. Aliyekishika kitu mara ya mwisho huonekana kirahisi, ilhali sababu yenyewe inaweza kuwa imejificha kwa miaka.

Na hii ilikuwa imejificha hasa. Bodi za aina hii zina kapasita ndogo za elektroliti, yaani vikopo vya kutunza na kutuliza umeme ambavyo ndani yake mna majimaji. Vikizeeka huvuja. Hakuna wa kulaumiwa. Vimeishi kuliko umri uliotarajiwa. Yale majimaji huenea polepole juu ya bodi, hupitisha umeme mahali pasipotakiwa, na hula njia za shaba zinazounganisha chipu na chipu. Mara nyingi dalili ya mapema ni sauti kufifia. Mtumiaji husema, "Si kitu, bado inafanya kazi," na ulaji unaendelea.

Fundi wa redio na televisheni ndiye aliyetuongoza, na ndiye aliyefungua kisanduku, kwa sababu kioo cha zamani huweza kuhifadhi umeme wa maelfu ya volti hata baada ya waya kuchomolewa. Kujua mwisho wa ujuzi wako nako ni elimu. Bodi ilipotolewa tuliiangalia kwa kioo cha kukuzia. Miguu ya kapasita ilikuwa imepoteza mng'ao, na pembeni yake palikuwa na kutu ya kijani. Pasi ya kulehemu ilipozigusa, harufu ilikuwa ya dagaa waliochacha.

Hapo kuna vishawishi vitatu, na vyote vinafanana na hekima. Cha kwanza ni kuiosha bodi tu. Inasafishwa kwa spiriti, inakaushwa, na mara nyingine kompyuta inawaka kweli. Watu wanapiga makofi. Lakini kapasita zilezile zinaendelea kuvuja, na baada ya muda mistari inarudi. Cha pili ni kuitupa bodi nzima na kutafuta nyingine, bila kujua kwamba nyingine ina kapasita za umri uleule. Cha tatu ndicho cha hatari zaidi, kwa sababu kinampata mtu aliyekwisha kufanya kazi ya kweli: anabadilisha kapasita zote, anaona amegusa chanzo, anafunga kisanduku na kusema kazi imekwisha.

Kazi ilikuwa haijaisha. Tuliweka kapasita mpya, bodi ikang'aa, na mistari ikabaki palepale. Fundi hakushangaa. Alichukua mita, akaiweka kwenye mlio, akaanza kupima njia moja baada ya nyingine, kutoka mguu hadi mguu. Panapounganika, mita inalia, palipokatika, inanyamaza. Ilichukua alasiri mbili. Hatimaye mita ilinyamaza kwenye njia moja nyembamba kama unywele, iliyokuwa imelika karibu na kapasita ya zamani. Kwa macho ilionekana nzima. Kipande cha waya mwembamba kililehemiwa kuunganisha ncha mbili, na sauti ya kuamka ikasikika. Flopi nyingi zilisomeka, mbili zilikataa.

Sasa twende parokiani.

Tuchukue mfano wa jumuiya ndogo ndogo ambamo mama mtunza hazina anasemwa kwamba amekula michango ya ujenzi. Neno linazunguka nyumba kwa nyumba. Baadaye hesabu zinakaguliwa na inaonekana fedha zote ziko benki. Mwenyekiti anaitisha kikao, walioeneza neno wanaomba radhi, sala inasaliwa, chai inanywewa, na mzee mmoja anahitimisha kwa neno tunalolipenda sana: "Basi, yaishe." Chanzo kimeondolewa kweli. Uongo umekiriwa, na tusidharau ujasiri wa waliokiri.

Lakini neno lilipita nyumba ishirini, na radhi imetolewa katika nyumba moja. Mwaka mzima hakuna anayemkabidhi tena mama yule daftari. Watoto wake wanasikia vijembe kisimani. Akiacha kuja jumuiya, tunasema hajasamehe. Tumeweka kapasita mpya, tumefunga kisanduku, na sasa tunailaumu bodi kwa kutowaka.

Mafundisho ya Kanisa hapa hayana utata. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba ondoleo huondoa dhambi, lakini haliponyi vurugu zote ambazo dhambi imesababisha. Aliyekosa anapaswa kufanya awezalo kurekebisha, kama vile kurudisha alichoiba au kumrudishia jina jema aliyemchafua. Ndiyo maana kuna malipizi. Zakayo naye hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani kwake. Alisimama akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Wokovu ulipoingia nyumbani mwake, mkono ulifika kwenye mfuko.

Wapo watakaosema tunawabebesha watu mzigo mara mbili, kwamba msamaha wenye masharti si msamaha. Tunaheshimu hofu hiyo. Lakini malipizi si bei ya kununulia msamaha. Msamaha wa Mungu ni bure. Malipizi ni huduma kwa yule aliyeumizwa, ambaye mara nyingi hayupo kwenye chai ya upatanisho au yupo akiwa amenyamaza. Anayekataza malipizi kwa jina la huruma anamhurumia mmoja na kumsahau mwenzake.

Wengine watasema mtu si bodi. Ni kweli, na hapo mfano wetu unafika mwisho. Bodi haiwezi kusamehe, na waya ukishaungwa umeungwa. Moyo wa mtu una uhuru wake. Unaweza kuungwa leo na ukahitaji kuungwa tena kesho, na unaweza kuchelewa bila kosa lolote. Kwa hiyo kwa watu inahitajika subira kubwa kuliko ile ya alasiri mbili. Tofauti hiyo haipunguzi wajibu, inauongeza.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre tutakaa kwenye vikao vingi vya aina hii, na tutapendwa zaidi tukivimaliza upesi. Ndiyo sababu tunaandika mapema, kabla hatujazoea. Tunapendekeza kwamba jumuiya zetu, kabla ya kutamka "yaishe", zijiulize maswali matatu. Chanzo ni nini hasa, au tumemkamata tu aliyekuwa karibu? Je, kimeondolewa, au tumeosha uso wa bodi? Na tatu, ambalo karibu halijaulizwa kamwe: ni njia zipi zimekatika, na nani ataziunga, lini?

Katika mfano wetu jibu la swali la tatu si gumu kulitaja. Walioeneza neno warudi katika nyumba zilezile, mmoja baada ya mwingine, waseme palepale waliposema uongo kwamba ulikuwa uongo. Padre au katekista aliseme hadharani, kwa idhini ya mama mwenyewe. Na daftari lirudi mikononi mwake mbele ya wote, kama bado analitaka. Ni kazi ya kuona haya, haina wimbo wala picha za kupiga, na nyumba ni ishirini. Mwenye kuianza asisubiri mtu wa kumsindikiza. Aanze na nyumba ya kwanza.