Mwandishi Bado Ana Kazi Ukumbini

Kuna kauli iliyozoeleka katika idara zetu za fasihi: kitabu kikishachapishwa, mwandishi hana kazi tena. Msomaji anayo matini, anazo nadharia za uhakiki, basi. Kumwita mwandishi chuoni aje kusoma sura mbili na kujibu maswali ni kuwapotezea alasiri wanafunzi ambao mtihani umewakaribia. Wanaosema hivi si watu wa kubezwa, wengi wao ni walimu mahiri. Lakini hapa wamekosea, na wanaoumia ni wanafunzi.

Hoja yao nzito kuliko zote ni kwamba mwanafunzi akimsikia mwandishi akieleza alichokusudia, ataacha kufikiri na ataanza kunakili. Hofu hiyo ingekuwa na mashiko kama wanafunzi wetu wangefika chuo kikuu wakiwa wasomaji huru. Wengi wanafika wakiwa wamelelewa na miongozo, vile vijitabu vinavyowaorodheshea dhamira, migogoro, falsafa na msimamo. Wameandika “mwandishi anatuasa” katika kila jibu tangu sekondari, na mwandishi huyo si mtu, ametungwa na mwongozo. Njia ya kumwondoa ni kumleta yule wa kweli. Asimame mbele yao, aulizwe kwa nini mhusika fulani amekufa, aseme kwamba alijaribu kumwokoa akashindwa, au kwamba swali lenyewe hajawahi kulifikiria. Mwanafunzi akilisikia jibu la namna hiyo mara moja tu, anatambua kwamba hakuna jibu lililofichwa mahali likimsubiri, na kwamba kazi ya kulitafuta katika matini ni yake.

Kwenye ushairi hoja ya “matini inatosha” haisimami kabisa. Chukua shairi la mizani 16 kwa kila mshororo. Mwanafunzi anahesabu kwa vidole, 8 kwa 8, anapigia mstari vina vya kati na vya mwisho, anaandika kwamba mtunzi amezingatia arudhi, amemaliza. Sasa mpe malenga mwenyewe alighani shairi hilohilo. Utamsikia akiivuta irabu ya kina cha kati, akisita kidogo mwisho wa ukwapi kabla ya kuufungua utao. Kibwagizo anakirudia kwa sauti inayobadilika ubeti hadi ubeti, hata maneno yaliyosikika kama utani mwanzoni yanakuwa na uchungu yakifika ubeti wa tano. Silabi iliyozidi, ambayo jicho limeipita, sikio linaikamata papo hapo. Na hili si jambo geni kwetu. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa ziliishi vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa baada ya kifo chake, mpaka Mwalimu Sikujua aliposhirikiana na mmisionari W. E. Taylor kuzikusanya. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka 1940, karne moja hivi tangu mtunzi aondoke duniani. Hao waliozitunza hawakuwa na kitabu. Walikuwa wamesikia.

Kisha kuna faida isiyoonekana kwenye mtaala. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Chuo Kikuu cha Makerere. Ngũgĩ wa Thiong’o, wakati huo James Ngugi, alikuwa mwanafunzi hapohapo, naye alikuwa amechapisha hadithi fupi mbili tu. Alipata nafasi ya kumwonyesha Chinua Achebe mswada wake, na mwaka 1964 mswada huo ukatoka kama riwaya ya Weep Not, Child. Hakuna semina ya nadharia ambayo ingemfanyia kijana yule kazi hiyo.

Mkutano huohuo una upande unaouma. Uliwaita waandishi wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mwenye vitabu vingi vya nathari na ushairi, hakualikwa kwa sababu aliandika kwa Kiswahili, na alifariki mwezi uleule. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kuikosoa dhuluma hiyo baadaye. Kwa hiyo swali la nani anaitwa ukumbini si dogo, na chuo kisichomwita mtu yeyote nacho kimeshalijibu.

Nakubali kwamba hafla nyingi zinaandaliwa vibaya. Mgeni rasmi anachelewa, salamu za ndaki zinafuata salamu za idara, mfadhili anasoma hotuba, picha zinapigwa, na mwandishi aliyesafiri usiku kucha anapewa robo saa mbele ya wanafunzi waliokuja kusaini mahudhurio. Lawama hiyo ni ya haki, ila inawahusu waandaaji. Haimhusu mwandishi wala usomaji.

Mkuu wa idara unayesoma haya, muhula ujao mwite mwandishi mmoja wa Kiswahili. Hakikisha wanafunzi wamesoma kitabu chake kizima kabla hajafika. Mpe saa moja na nusu, na nusu ya muda huo iwe ya maswali. Mlipe nauli na ujira wake kama unavyomlipa mtahini wa nje. Fungu likiwa dogo, anza na yule anayeishi mji mmoja na chuo chako.