Suam Ina Forodha, Haina Forodhani

Kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori, Nairobi.
Nakala: kwa mwenzako wa Kampala, maana mlima huu ni wenu nyote wawili.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Endebess, kwenye barabara ya Kitale kwenda Suam, ninakofuga ng'ombe wanne na kupangisha vyumba vitatu kwa watu wanaopanda Mlima Elgon. Sina cheo wala chama. Nina swali nililoulizwa na mtoto wa miaka minane, likanishinda, na kwa kuwa jibu lake liko mezani kwako nimeona heri nikuulize mbele ya watu.

Mtoto huyo alikuja kwangu Septemba iliyopita na dada yake na wazazi wao. Ni watu wa bahari. Nyumba yao ni mashua ya matanga, na wakati huo ilikuwa imetia nanga katika hori ya Kilifi, wenyewe wakingoja kusi ilegee na kaskazi ishike ndipo washuke kusini. Kutoka Ushelisheli hadi Mombasa walikwenda karibu maili 1,000 za baharini, siku tisa bila kuona nchi kavu. Kutoka Kilifi hadi kwangu walikuja kwa matatu, treni, basi, kisha matatu nyingine iliyowabeba pamoja na katoni mbili za vifaranga. Mama yao aliniambia safari ya vifaranga ndiyo iliyomchosha zaidi.

Jioni ya kwanza, chai ikiwa mezani, mama huyo alinieleza jinsi mashua inavyopiga hodi. Ukikaribia bandari ya nchi ngeni unapandisha bendera ya manjano. Maana yake ni kwamba chomboni hamna ugonjwa na mnaomba ruhusa. Hakuna anayeshuka mpaka watu wa afya, uhamiaji na forodha wamalize kazi yao. Wakishamaliza, ya manjano inateremshwa na mahali pake, upande wa kulia wa mlingoti, inapanda bendera ya mwenyeji. Katika familia ile kazi ya kubadilisha bendera ni ya watoto, na yule mdogo aliichukulia kwa uzito. Alikuwa ameikunja ile ya manjano akaitia kwenye begi lake la mgongoni, akaja nayo hadi Endebess. Nilipomuuliza ya nini huku kwenye mahindi, akanijibu kwamba kesho kutwa wanaingia nchi nyingine.

Kesho kutwa yake nikawasindikiza mpakani Suam, wavuke kwenda Sipi, Uganda. Tulipofika karibu na daraja mtoto akaitoa bendera, akatazama huku na huku, akaniuliza: sasa hii tunaipandisha wapi?

Sikuwa na la kumwambia. Afisa kijana aliyekuwa hapo alicheka, cheko la wema, akatuomba kitu kingine cha manjano: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana Uganda haikubali mgeni bila hicho. Vyeti vilikuwepo, mihuri ikagongwa. Sina malalamiko hata kidogo, Mheshimiwa. Kazi ilifanywa upesi na kwa adabu. "Mnaelekea wapi?" Sipi. "Safari njema." Basi. Watu waliokuwa wamekaa siku tisa majini wakitamani kufika mahali walipita Suam kwa muda wa kunywa soda, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu Suam tumezoea kuiita mpaka, na mpaka ni pa kuvuka.

Watu wa pwani hawakuliona jambo hili hivyo. Chukua Forodhani ya Unguja. Jina lenyewe ni la ushuru: forodhani ni penye forodha, mahali chombo kinaposhusha shehena na mwenye mali anapotozwa. Leo ukimtajia Mzanzibari Forodhani hafikirii kodi. Anafikiria mishikaki, urojo, maji ya miwa, na vijana wanaojitupa baharini jua likizama. Bustani ile ilikarabatiwa mwaka 2009, na jioni wanakaa pamoja mgeni aliyeteremka sasa hivi kutoka boti ya Dar es Salaam na mzee aliyezaliwa mtaa wa nyuma. Mahali pa kutoza pamegeuka mahali pa kuketi. Sisi Suam tuna forodha kwa pande zote mbili za mto. Forodhani hatuna.

Nitakuambia wanachokikosa wapitao mbio, maana nilikuwa na familia hii ilipokiona.

Tulipokuwa darajani baba yao aliuliza maji yale yanaingia bahari gani. Swali la mtu wa mashua hilo. Anahesabu kila mto kuwa ni njia ya kwenda nyumbani. Nikamwambia hayaingii bahari yoyote. Mto Suam unazaliwa juu kabisa, ndani ya bakuli la volkano lililo kileleni, penye chemchemi za maji moto. Unatokea kwenye korongo upande wa mashariki, unashuka, unakuwa mpaka wa nchi mbili, kisha unaelekea kaskazini Pokot. Huko unazuiwa na bwawa la Turkwel, ukuta wa mita 153, unaozalisha umeme. Ukitoka hapo umeshabadili jina, unaitwa Turkwel, na mwisho wake ni Ziwa Turkana, ziwa lisilo na mto unaotoka. Maji yakishaingia humo njia yake ya kutoka ni kupaa na jua tu. Baba wa watu, aliyekwisha kukata bahari mbili kwa tanga, aliniomba nirudie kutoka mwanzo. Alichukua kalamu akauchora mto mkononi mwake, kwenye kiganja, kwa sababu kitabu kilikuwa chini kabisa ya mizigo.

Hayo aliyasikia kwa sababu mimi nilikuwepo na hakuwa na haraka kama wengine. Ningekuwa nyumbani nikikamua, angeuvuka mto ule kama anavyovuka mtaro.

Siku moja kabla tulikuwa tumeingia kwa lango la Chorlim hadi pango la Kitum. Sitalisimulia lote. Nitasema la ukutani. Mwongozaji alimulika tochi ubavuni, na mwamba wote ulikuwa na michirizi, mingine mirefu kuliko mkono wangu, mingine mipya, weupe wake bado haujafifia. Ni alama za pembe. Ndovu wa Elgon huingia humo usiku, gizani, wakipapasa njia kwa mkonga, wanachimbua mwamba wenye chumvi na kuusaga kwa meno. Pango lina kina cha mita kama 200. Yule binti mkubwa aliweka vidole vyake ndani ya mchirizi mmoja, akavitoa, akavilamba kabla mama yake hajamwona. "Kuna chumvi," akasema, kama mtu aliyedhani tunamdanganya.

Mama aliona, akageuka mkali. Alikuwa amesoma habari za Marburg: kwamba mwaka 1980 na tena 1987 watu wawili waliougua na kufa kwa homa hiyo walikuwa wamelitembelea pango hili, na kwamba popo ndio wanaoshukiwa. Mwongozaji hakumficha. Alimweleza vilevile, akaonyesha popo wako wapi, akatukataza kugusa na kukaa sana, akamwosha mtoto mikono kwa maji ya chupa yake mwenyewe. Nataja hili kwa sababu wapo wanaodhani utalii ni kumwonyesha mgeni mazuri tu. Mgeni yule alituamini zaidi kuanzia pale.

Na si wa kwanza kutoka pwani kufika hapa na kushangaa. Mwaka 1883 Mskochi Joseph Thomson aliondoka Mombasa na msafara wa wapagazi, wengi wao watu wa Unguja, akaishia kwenye mapango ya mlima huu, akakuta watu wanaishi humo na ng'ombe wao. Alidhani mapango yalichongwa na watu wa kale. Hakujua habari za ndovu. Laiti angeketi siku mbili na wenyeji akawauliza! Lakini naye alikuwa na haraka.

Kuhusu mengine ya jirani nitakuwa mfupi, maana unayajua kwa kazi yako: nzohe wa Saiwa, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, jumba la makumbusho la Kitale, maporomoko ya Nabuyole kule Webuye. Bungoma nao wana mpaka wao Lwakhakha, na wakisoma barua hii watasema niliyoandika ni yao pia. Sawa, na wayachukue.

Sasa ombi. Mradi wa barabara ya Kapchorwa–Suam–Kitale ulipangwa pamoja na kituo kimoja cha mpakani, ambapo mtu anagongewa mihuri ya nchi mbili chini ya paa moja, kama ilivyo Busia tangu 2018. Ni jambo jema. Lakini vituo vya namna hiyo nilivyovipita vimefikiriwa kwa ajili ya lori: upana wa lango, mizani, maegesho. Binadamu ameachiwa korido. Naomba, kwa hiki cha Suam, wizara yako iende ikae na wahandisi na watu wa ushuru na kudai kipande cha ardhi kando ya mto, kisizidi uwanja wa voliboli. Miti ipandwe, podo na Elgon teak, ile inayokua yenyewe mlimani. Mabenchi. Ubao mmoja mkubwa wenye mchoro wa mlima mzima, bila kuukata katikati, Koitobos ya kwetu mita 4,222 na Wagagai ya wenzetu 4,321, na mto tangu bakuli hadi Turkana, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa lugha ya wenye mlima, ambayo Wasabaot wa huku na Wasebei wa Bukwo wanaelewana bila mkalimani. Kina mama wanaouza mahindi ya kuchoma na ndizi wasifukuzwe pale. Wao ndio mishikaki yetu. Wenye kubadilisha pesa nao wapewe kivuli. Yule mtoto alipompa mmoja wao noti yake ya shilingi mia ya Kenya akarudishiwa zaidi ya elfu mbili za Uganda, alidhani ametajirika, na hicho ndicho kitu cha pekee alichokifurahia Suam.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo la kuzungumza na Kampala. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya mtalii, dola 100, siku 90, nchi tatu. Hiyo mliiweza. Lakini mlima ambao nchi mbili kati ya hizo zinauchangia bado unauzwa nusu nusu. Hifadhi ya upande wetu ni ya mwaka 1968, kilomita za mraba 169. Ya upande wa pili inazidi 1,100. Kila moja ina lango lake, ada yake, tiketi yake. Familia ile ilitaka kupanda kwa Chorlim na kuteremkia Sipi, njia ya miguu inayopita kwenye maji moto. Walipopiga hesabu ya ada mara mbili na karatasi mara mbili, kwa watu wanne, wakachagua gari. Tiketi moja ya Elgon, mapato mgawane mnavyojua. Mkiweza kugawana umeme, ada ya mlima haiwashindi.

Najua nitaambiwa wageni wa Suam ni wachache. Ni kweli, ni wachache, na mimi nawajua karibu wote kwa sura. Ila acha nikueleze kitu ambacho hakimo kwenye ripoti za barabara. Zamani, kabla ya lami, kilomita 73 za kutoka Kapchorwa hadi Suam wakati wa mvua zilikuwa tope la kumeza lori. Mgeni aliyefika kwangu alikaa siku mbili, tatu, apende asipende. Alikunywa maziwa yangu, alikwenda pangoni, alicheza mpira na vijana wa shule. Sasa lami imekuja, namshukuru Mungu, ng'ombe wangu akiugua daktari anafika saa hiyo hiyo. Lakini lami ilipoondoa matope iliondoka na wageni wangu. Anayetoka Kitale asubuhi anakula chakula cha mchana Sipi, na sisi tunaona vumbi, hata vumbi siku hizi hakuna. Barabara nzuri isiyokuwa na mahali pa kusimama inawafaa wanaotoka mbali kwenda mbali.

Familia ile ilinitumia ujumbe mwezi wa Desemba. Kaskazi ilikuwa imeshika, walikuwa wameingia Tanzania, na mtoto amepandisha bendera ya Tanzania yeye mwenyewe bila kusaidiwa. Ile ya manjano alikuwa amelazimika kuazima, kwa sababu yake aliniachia mimi pale darajani. Alisema niiweke mpaka patakapopatikana mahali.

Ninayo, Mheshimiwa, ndani ya kitabu cha wageni, kwenye ukurasa wa Septemba. Ukipenda kuiona, usije na msafara. Panda matatu ya Endebess pale stendi ya Kitale, ukae upande wa kushoto, dirishani, asubuhi kabla mawingu hayajaufunika mlima. Ukishuka uliza kwa mwenye ng'ombe wanne.

Ni mimi,
mwenye vyumba vitatu, Endebess.