"Punguza mawazo" si tiba, jamani!

Haya ndugu zangu, leo sina siasa wala mpira. Leo nina hasira, na hasira zenyewe zimetoka Jadida, kule kwetu Wete, kisiwani Pemba.

Ami yangu ni mchumaji wa karafuu. Mikarafuu kaanza kuipanda bado yuko skuli, na magoti yake sasa yanamdai. Lakini kabla ya magoti lilikuwa tumbo. Linamchoma usiku, linamchoma akiwa na njaa, akila linatulia kidogo, kisha linaanza upya. Miaka na miaka. Kila akienda kutibiwa anarudi na hotuba ile ile ambayo nyote mnaijua kwa moyo: "Una vidonda vya tumbo. Punguza mawazo. Acha pilipili, acha maharage. Kula kwa wakati."

Punguza mawazo! Mtu ana watoto sita, bei ya karafuu haipangi yeye, paa linavuja, halafu apunguze mawazo. Ayapeleke wapi?

Mara moja alipimwa, akapewa dawa za aina tatu ndani ya kibahasha, juu yake imeandikwa kwa kalamu 1x2, 2x2, 1x2. Aliyempa alisema maneno matatu tu: "Asubuhi na jioni." Basi. Siku ya nne tumbo likatulia, ami akashukuru Mungu, akaziweka zilizobaki kabatini ziwe za akiba. Nyengine akamgaia jirani ambaye naye tumbo linamsumbua. Ndio wema wa kwetu huo, hata ugonjwa tunagawana dawa.

Msimu wa karafuu ulipofika, magoti yakaanza. Dukani vidonge vya maumivu vinauzwa kama peremende. Ami akawa anameza diklofenaki asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni, na jioni tena. Wiki mbili hivi. Kisha choo kikawa cheusi, kinanata kama lami, harufu yake haielezeki. Hakumwambia mtu. Mtu mzima ataanzaje kuwahadithia watoto wake mambo ya choo? Siku ya tatu, alfajiri, akitia udhu, akaanguka.

Hospitali aliyopelekwa siitaji, wala ile iliyompa kibahasha siitaji. Sina ugomvi na jengo moja. Ninachokisema hapa naweza kukisema kuhusu vituo kumi vya Unguja na Pemba, na nina marafiki Dar na Mombasa wanaoniambia kwao ni vivyo hivyo.

Nilifika usiku wa pili. Wodi imejaa, muuguzi mmoja. Mama wa makamo, viatu vyake vya plastiki vinalia kwenye sakafu. Kila baada ya muda mfupi anakuja, anamshika ami mkono anahesabu mapigo, anapima presha, anamtazama weupe wa macho, anabonyeza tumbo kidogo kuona kama limekuwa gumu. Anaandika. Anaondoka. Baadaye, watu wamelala, akavuta kiti akakaa. "Ami," akamwambia, "nyumbani unameza dawa gani nyengine? Hata za magoti, hata za kichwa, hata za miti shamba."

Ndipo ami akataja vidonge vya magoti. Miaka yote ile ya tumbo, wallahi, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Sasa tuje kwenye hasira yangu.

Mwaka 1982, kule Perth, Australia, madaktari wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walifanikiwa kuotesha maabara bakteria aliyekuwa akiishi ndani ya matumbo ya wagonjwa wa vidonda. Wakubwa wa tiba hawakuamini. Wao walishajua kuwa vidonda vinaletwa na mawazo na asidi. Mwaka 1984 Marshall akakoroga bakteria wale akawanywa mwenyewe! Siku chache baadaye akaugua tumbo, akapimwa, wakaonekana ndani. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo anaitwa Helicobacter pylori, "echi pailori" kama mtaani wanavyomwita. Yeye pamoja na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ndio wanaosababisha sehemu kubwa ya vidonda vya tumbo duniani. Pilipili inaweza kukuchoma ukiwa tayari una kidonda, na wasiwasi unaweza kuzidisha maumivu, sikatai. Lakini mtu mwenye bakteria tumboni na diklofenaki mfukoni ukimwambia aache maharage, umemfanyia nini? Umemnyima protini tu.

Kwa hiyo tuna ugonjwa unaotibika. Narudia, unatibika, si kutulizwa. Dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli na antibiotiki mbili, mara nyingi kwa siku 14, halafu mtu anasahau. Ila una sharti moja gumu: mgonjwa azimalize zote, hata kama maumivu yameisha siku ya nne, hata kama mdomo umekuwa na ladha ya chuma, hata kama tumbo linaharisha kidogo. Akiziacha njiani bakteria wanabaki, na waliobaki wanaweza kuwa sugu. Na usugu si hadithi ya Ulaya. Wataalamu wa Bugando, Mwanza, wamekwisha kuonyesha kwamba tiba hii inashindwa kwa wagonjwa wengi, na kuacha dawa njiani ni miongoni mwa sababu.

Na nani anatakiwa kumwambia mgonjwa yote haya? Daktari ana foleni. Kwenye vituo vyetu vidogo mara nyingi daktari hayupo kabisa. Ni muuguzi. Kwa maoni yangu, kwenye ugonjwa huu mdomo wa muuguzi ni nusu ya dozi. Kibahasha bila maelezo ni tiba iliyokatwa katikati, na ami yangu ndiye aliyelipa nusu iliyokosekana, kwa damu yake. Na kwa damu ya binamu zangu wawili waliolazwa pembeni kumchangia.

Tena si maelezo mengi. Omeprazoli imezwe nusu saa hivi kabla ya chakula, si wakati wa kulala umeshashiba. Usigawe dawa. Ukiumwa goti au kichwa usinunue diklofenaki, uliza kwanza. Parasitamoli ni salama zaidi kwa tumbo lako. Sigara inachelewesha kidonda kupona. Maziwa yanatuliza kwa dakika chache, kisha tumbo linatoa asidi zaidi, kwa hiyo usiyafanye dawa. Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika kitu kama machicha ya kahawa, au tumbo likikukamata ghafla na kuwa gumu kama ubao, usisubiri asubuhi. Nimeyasoma hayo kwa sauti nikitazama saa. Hayakufika dakika mbili.

Kuna na hili la vipimo, linaniudhi zaidi. Mtu anatobolewa kidole, anaambiwa "una echi pailori, una vidonda." Kwanza, kuwa na bakteria si kuwa na kidonda; karibu nusu ya watu duniani wanaye na wengi wao hawatougua kidonda maisha yao yote. Pili, kipimo cha damu kinatafuta alama za mwili kupambana na bakteria, na alama hizo hubaki muda mrefu hata baada ya kupona. Mgonjwa anamaliza dawa vizuri, anarudi kupimwa damu, anaambiwa "bado unavyo", anapewa dozi nyengine, na nyengine. Kipimo cha choo cha kutafuta bakteria mwenyewe, wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki na wiki mbili bila omeprazoli, ndicho kinachosema kweli zaidi. Mwambieni mgonjwa! Mwandikieni tarehe ya kurudi!

Hapo ndipo anapoingia muuza dawa za miti shamba. Najua wasomi wenzangu mnapenda kumcheka. Mwaka 2011 tulicheka na kulia pamoja, nusu ya Afrika Mashariki ilipopanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Mimi sicheki tena. Jiulizeni kwa nini mgonjwa wa vidonda anamwamini yule wa pembeni ya stendi mwenye chupa za rangi ya matope. Kwa sababu anakaa naye! Anamuuliza analalaje, anakula nini, lilianza lini, mkewe anasemaje. Nusu saa nzima. Kisha anampa masharti, na mtu anayashika masharti yale kama amana. Chupa yake huenda haina kitu chochote cha kuua bakteria. Lakini ile nusu saa ilikuwa ya muuguzi. Tumeiacha wazi, mwengine kaikalia.

Mtaniambia wauguzi ni wachache. Ndiyo! Nimemwona mmoja na wodi nzima. Hiyo ni hoja yangu, si jibu kwangu. Mgonjwa anayetoka damu tumboni hufa kimya kimya: mapigo yanaenda mbio, presha inashuka, ngozi inakuwa baridi yenye jasho, mkojo unapungua, naye bado anakwambia "sijambo." Wa kuiona hali hiyo kabla haijawa msiba ni muuguzi anayepita tena na tena. Ukimpa wagonjwa wengi kuliko mikono yake, umemwondolea macho. Yule mama alimwangalia ami vizuri, lakini nilihesabu pia vitanda ambavyo hakuvifikia mpaka kukakucha, na jamaa wa wagonjwa wale ndio waliokuwa wakigeuza, wakisafisha, wakibahatisha. Hakuna aliyewafundisha rangi gani ya matapishi ni ya kukimbilia kuita mtu.

Lakini uchache si kisingizio cha "asubuhi na jioni". Karatasi moja, Kiswahili cha kawaida, picha ya jua na picha ya mwezi, imewashinda nini wakubwa wetu wa afya? Nimeviona vikaratasi vilivyomo ndani ya maboksi ya dawa, herufi za kusoma kwa hadubini, Kiingereza kitupu. Ami kasoma Kurani na anasoma gazeti kila akilipata. Hajui Kiingereza, na si kosa lake.

Na Ramadhani je? Hapa Pemba unamtibu mgonjwa wa tumbo bila kumuuliza kuhusu saumu? Dawa za mara mbili kwa siku zinakaa vizuri kabisa kwenye futari na daku, tena omeprazoli ikitangulia chakula. Aliyetoka damu karibuni ni mambo mengine, huyo hafungi, na dini yenyewe imempa ruhusa ale kisha alipe siku nyengine. Lakini asiyeambiwa hufanya moja kati ya mawili: anafunga na kuacha dawa, au anafunga mpaka anaanguka. Muuguzi mzaliwa wa hapa hapa, anayefuturu muhogo na samaki kama wao, ndiye mtu bora kuliko wote wa kulizungumza hili. Hakuna mtaalamu kutoka nje atakayelisema vizuri kama yeye.

Sisi waandishi tusijifiche. Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani ilipofunguliwa upya mwaka 2016, iliyojengwa kwa msaada wa China, habari ilikuwa majengo, vitanda na mashine, na ni haki, ni kitu kikubwa. Lakini ni lini umesoma habari yenye kichwa kinachosema muuguzi alivuta kiti akakaa? Mhariri atakuuliza, "Habari iko wapi hapo?" Mimi mwenyewe nimewahi kutumwa kwenye sherehe ya Siku ya Wauguzi, 12 Mei, nikarudi na hotuba ya mgeni rasmi. Sikumhoji muuguzi hata mmoja. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ami yuko nyumbani Jadida. Safari hii kamaliza siku zote 14, mke wake alikuwa akitia alama ya mkaa ukutani kila akimeza. Tarehe ya kipimo cha choo yule mama alimwandikia kwa mkono wake nyuma ya kadi. Juzi nimempigia simu kumjulia hali, akaniambia tumbo limetulia, ila magoti... Kisha akashusha sauti asisikiwe na mkewe, akaniuliza kama kidonge kimoja tu, kimoja, kitamdhuru.