Eti Ujasiriamali Hausomwi? Sasa Mahesabu ya Staa Anapiga Nani?

Kila baada ya miezi michache anaibuka staa mmoja Bongo, anakaa ndani ya gari lake kali, anawasha kamera na kuwaambia madogo wa chuo: acheni kupoteza muda na somo la ujasiriamali, pesa ziko mtaani, darasani hakuna kitu. Safari hii ni mwanadada wa filamu mwenye duka la nguo na vipodozi vyenye jina lake. Video imesambaa, watu wameshangilia, na madogo wanaosoma digrii ya biashara wakaanza kutumiana kwenye magrupu ya WhatsApp huku mhadhara unaendelea.

Tatizo ni kwamba dada kasema ukweli nusu, na ukweli nusu ndo unaopoteza watu.

Nusu ya kweli ni hii. Vyuo vingi somo lenyewe linaendeshwa hivi: wanafunzi kumi wanapewa kazi ya kuandika mpango wa biashara ya kufuga kuku. Wawili wanaandika, wanane wanaweka majina, mwalimu anasahihisha, karatasi zinaishia kabatini. Semesta inaisha hakuna aliyeuza hata yai moja. Kwenye UE wanaulizwa sifa za mjasiriamali, wanamwaga desa walilokariri usiku kucha, kesho yake kichwa cheupe. Hapo mtu akisema hajajifunza kitu, nani atambishia?

Nusu ya pili ndo imemliza binti mmoja wa mwaka wa pili hapa Dar. Yeye aliisikiliza kauli kama hiyo mapema, akaanza kukwepa vipindi na kuingia mtaani kweli. Akachukua bumu lake, laki 6, akaenda Kariakoo akanunua mabegi 40 ya kike kwa shilingi 15,000 kila moja. Akapiga picha nzuri, akatupia Insta, bei 20,000, "delivery bure". Ndani ya wiki tatu mabegi yote yakaondoka. Akapiga hesabu za kichwani: faida laki 2! Akanunua wigi la laki na nusu, akaposti "boss lady", mashosti wakajaza makopakopa.

Sasa piga hesabu za daftarini. Mabegi 5 yalikopwa na mashosti haohao na mpaka leo hawajalipa, kwa hiyo pesa iliyoingia ni laki 7. Toa laki 6 za mzigo. Toa elfu 80 za bodaboda, maana "bure" ya mteja ililipwa na yeye. Toa elfu 20 za bando na elfu 15 za nauli na mifuko. Jibu: hasara ya shilingi 15,000. Yani alisherehekea hasara, na lile wigi kalinunua kwa mtaji. Mwezi uliofuata hakuna mzigo, hakuna pesa ya kula, na ana sapu mbili zinamsubiri. Bumu lenyewe ni mkopo, deni liko palepale.

Kinachouma ni kwamba dawa yake ilikuwa kwenye vipindi alivyokwepa. Kutofautisha mauzo na faida kunafundishwa. Hata suala la kiasi cha kuweka mezani linafundishwa: mwaka 2001 mtafiti Saras Sarasvathy aliandika kwamba wajasiriamali wazoefu hawaanzi kwa kujiuliza watapata kiasi gani, wanaanza na kiasi gani wanaweza kukipoteza bila kuanguka. Pesa ya kula ya chuo haimo kwenye kundi hilo.

Na wanaosema mtu anazaliwa nao, kuna habari yao. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia David McClelland na wenzake waliwapa mafunzo wafanyabiashara wa mji wa Kakinada, India. Baadaye waliopata mafunzo walionekana kuchangamka zaidi katika kupanua biashara na kuajiri kuliko ambao hawakupata. Kwa hiyo kufundishika, kunafundishika.

Turudi kwa staa. Duka lake lina mhasibu. Mikataba yake inapitiwa na mwanasheria. Matangazo yanapangwa na meneja. Wote hao walikaa darasani, na yeye anawalipa kila mwezi kwa vitu walivyosoma. Hakuna ubaya, huo nao ni ujanja wa biashara. Ubaya ni kumwambia dogo asiye na mhasibu wala meneja kwamba hayo mambo hayana maana. Mwenye gari akimwambia mwenye miguu kwamba viatu ni anasa, asikilizwe kwa makini.

Vyuo navyo visijifiche nyuma ya staa. Wapeni hao vijana elfu 50 kwa kundi, wauze kitu cha kweli kwa semesta moja, na mtihani uwe daftari lao: nini kiliingia, nini kilitoka, nani anadaiwa. Hata wakila hasara, watakuwa wameila chini ya mwalimu, kwa bei ndogo.

Habari njema ni kwamba binti karudi darasani, anakaa viti vya mbele, na daftari la mabegi analo kwenye mkoba. Mashosti watano wajiandae, majina yao yameandikwa humo.

Mdau, somo la ujasiriamali chuoni lilikusaidia au lilikupotezea muda? Tiririka hapo chini.