Farasi 1,500 kwenye tangazo, barabarani wanabaki wangapi?

Ile klipu wengi wameiona, tena zaidi ya mara moja. Novemba 2023, siku Tesla inakabidhi Cybertruck za kwanza kwa wateja kule Texas, bosi wa kampuni yuko jukwaani na skrini kubwa inaonyesha Cybertruck ikishindana na Porsche 911. Cybertruck inashinda. Halafu kamera inavuta nyuma na ukumbi unalipuka kwa kelele: kumbe muda wote ilikuwa inavuta trela, na juu ya trela imepakiwa 911 nyingine. Yaani imemshinda huku imembeba ndugu yake mgongoni.

Kauli iliyotoka jukwaani ni kwamba gari inafanya hivyo kwa robo maili, kama mita 400. Watu wenye macho wakaisimamisha klipu, wakapiga hesabu, wakakuta mbio zile ziliishia nusu ya hapo, kama mita 200. Na pale zilipoishia, Porsche ndiyo kwanza ilikuwa inachanganya. Waandishi wa magari wa Marekani waliporudia mchezo huo huo kwa robo maili kamili, 911 ikapita mbele.

Sasa, klipu ya kwanza ilizunguka kila simu. Ya pili je, nani aliiweka status?

Ubishi wa haya magari ndivyo ulivyo siku hizi. Mtu anaposti ndinga ya umeme, anaandika farasi elfu moja na kitu, sekunde mbili kasoro, emoji za moto tatu, na mjadala umeisha. Anayeuliza "kwa muda gani, na mara ngapi?" anaambiwa ana wivu. Wakati hilo ndilo swali lenyewe. Kwa sehemu kubwa kampuni hazidanganyi kavukavu. Namba ni ya kweli, ila ni ya kweli kwa sekunde chache, betri ikiwa imejaa, ikiwa imepashwa moto wa kutosha, kwenye lami waliyoichagua wao. Ukitoka kwenye kile kimstari, unaendesha gari nyingine. Kali bado, lakini siyo ile ya kwenye bango.

Wanorwe hili liliwakuta mapema na hawakulichukulia poa. Oktoba 2014 Tesla ilitambulisha Model S P85D, gari yake ya kwanza yenye mota mbili, na namba iliyobandikwa kila mahali ilikuwa farasi 691. Kwa kipimo kinachotumika Ulaya ikasomeka 700. Norway walikuwa wananunua magari ya umeme kwa fujo kabla sehemu nyingi za dunia hazijastuka, na wengi waliongeza hela ya maana kuchukua P85D badala ya toleo la chini, kwa sababu ya hiyo 700. Walipoanza kudai vipimo, kinachofika barabarani kikaonekana ni kama farasi 469. Zaidi ya wamiliki 100 wakafungua kesi, na Desemba 2016 kampuni ikamalizana nao nje ya mahakama kwa kuwalipa.

Farasi zaidi ya 200 walikwenda wapi? Hawakuwepo, na kueleza kwa nini ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kampuni ilichukua mota ya mbele, farasi 221, ikachukua ya nyuma, 470, ikajumlisha. Kila mota peke yake ina uwezo huo kweli. Tatizo, mota ya umeme haizalishi umeme, inakula, na anayeilisha ni betri. Ni kama nyumba yenye mabomba mawili makubwa halafu tangi la juu lina mpira mmoja mwembamba. Fungua bomba moja, maji ya kumwaga. Fungua yote mawili, maji ni yale yale ya mpira. Septemba 2015 mkuu wa teknolojia wa kampuni alieleza jambo hilo kwa maandishi, kwamba ile 691 ilikuwa nguvu ya mota, siyo nguvu inayotoka kwenye betri. Baadaye kampuni hiyo hiyo ikaiandikia P85D farasi 463.

Watetezi walisema, na bado wanasema: kwani haikimbii? Tangazo liliahidi kuondoka kwa sekunde chache na gari iliondoka kwa sekunde hizo hizo, sasa kelele za nini? Hoja ina uzito wake. Kuanzia sifuri mpaka mia hivi, mota ya umeme inakupa kila ilichonacho papo hapo, na tairi ndizo zinazoshindwa kushika, kwa hiyo farasi 463 wanaweza kukutoa roho kama 700 tu. Tofauti inakuja ukishakuwa kwenye mwendo, unataka kulipita lori la mbele, unakanyaga na hakuna kinachoongezeka cha maana. Halafu kuna jambo dogo tu: mtu alilipia 700. Anayeuziwa simu ya GB 256 akikuta 128 haambiwi "kwani picha hazipigi?"

Na hata hao 463 hawapo kila siku. Betri inavyoshuka chaji ndivyo volti zinavyoshuka, na nguvu inashuka nayo. Gari yenye asilimia 20 siyo gari ile ile ya asilimia 100 asubuhi. Gari ya petroli haina huu ugonjwa; tangi likibaki robo, injini wala haina habari. Betri ikiwa ya baridi sana nguvu inabanwa, ikipata moto sana inabanwa pia, kompyuta inailinda isiungue.

Tesla wakarudi Juni 2021 na Model S Plaid, farasi 1,020, na kichwa cha habari kilikuwa sekunde 1.99 kutoka sifuri hadi maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 96. Kwenye maandishi madogo kukawa na maneno kwamba futi ya kwanza haihesabiwi. Saa inaanza gari ikiwa tayari inatembea. Huu ni utaratibu wa zamani wa viwanja vya mbio vya Marekani, siyo uchawi wa Tesla, ila futi hiyo moja inakula sehemu ya sekunde inayotosha kuamua kama utaandika "moja nukta" au "mbili nukta". Jarida moja kubwa la magari la Marekani lilipata 1.98 kwenye lami iliyopakwa dawa ya kunatisha tairi. Kwenye lami ya kawaida, 2.07. Kibinadamu tofauti hiyo haipo, hakuna shingo ya mtu itakayoihisi. Kwenye tangazo ndiyo kila kitu, kwa sababu bila lami ya dawa hakuna "chini ya sekunde mbili".

Bado kuna maandalizi. Ili upate ile namba unaweka gari kwenye hali ya mbio, unasubiri dakika kadhaa betri ijiandae, gari inainama mbele kama chui anayevizia, ndipo unakanyaga. Pale mataa, taa ya kijani inawaka, wewe bado unapasha betri. Na ile kasi ya juu ya maili 200 kwa saa iliyotangazwa, kama kilomita 322, gari za mwanzo zilifungwa kwenye kilomita 260 hivi. Ya zaidi ilikuja baadaye, kwa breki za kulipia pembeni.

Siyo wote wanacheza hivi, tuwe fea. Porsche walipotoa Taycan Turbo S mwaka 2019, waliandika wazi: farasi 761 ni wa muda mfupi wakati wa kuondoka, kawaida yake ni 625. Kabla ya hapo walishapeleka Taycan ya majaribio uwanja wa ndege na kuikimbiza kutoka sifuri hadi kilomita 200 kwa saa mara 26 mfululizo, na kati ya jaribio bora na bovu kulikuwa na tofauti isiyofika sekunde moja. Kwenye umbali wa chaji, karatasi ya serikali ya Marekani iliipa maili 192 tu, watu wakaicheka, mpaka wapimaji huru walipoanza kukuta Taycan zinakwenda mbali kuliko zilivyoandikiwa. Hyundai nao na Ioniq 5 N: farasi 601, ukibonyeza kitufe chekundu kwenye usukani unapata 641 kwa sekunde 10, na kioo kinakuhesabia kurudi nyuma. Inawezekana kabisa kuuza mbwembwe na bado ukasema zinadumu sekunde ngapi.

Habari ya umbali wa chaji inataka siku yake, ila kwa ufupi: Januari 2023 tume ya ushindani ya Korea Kusini iliipiga Tesla faini ya won bilioni 2.85 kwa kutowaambia wateja kwamba kwenye baridi umbali unaweza kushuka hadi asilimia 50.5 chini ya uliotangazwa. Na anayeagiza gari China ajue namba anayoonyeshwa huwa ni ya kipimo cha CLTC, chenye huruma kuliko cha Ulaya na cha Marekani. Kilomita 600 za pale siyo 600 za Dar–Moro na AC imewashwa.

Kisa kinachouma kuliko vyote kinatoka kwa watu ambao majina yao yako mifukoni mwetu. Xiaomi, hao hao wa Redmi, mwanzoni mwa 2025 walitoa SU7 Ultra: farasi 1,548 kwa kipimo chao, sifuri hadi 100 kwa sekunde 1.98 (futi ya kwanza haimo, kama kawaida), bei yuan 529,900. Kabla ya hapo, Oktoba 2024, walishapeleka gari ya majaribio kwenye uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, ikazunguka kwa dakika 6 na sekunde 46. Mitandao ikachanganyikiwa. Ile gari ilikuwa imevuliwa ndani na kujengwa kwa ajili ya mbio, na kampuni yenyewe ilisema ni ya majaribio, ila kwenye posti za mashabiki neno hilo lilidondoka njiani. Gari yenyewe inayouzwa ilipokwenda mwaka uliofuata, ilipata dakika 7 na sekunde 4. Muda mkali mno kwa gari ya milango minne. Lakini ni sekunde 18 nyuma ya ile iliyotrendi, na sekunde 18 kwenye mbio ni mtu ameshashuka, anakunywa maji.

Mei 2025 ndipo wenye gari walipoamka na kukuta apdeti. Programu mpya iliwabana mpaka kama farasi 900. Anayetaka waliobaki, zaidi ya 600, aende kwenye uwanja wa mbio ulioteuliwa, azunguke kwa muda uliowekwa, ndipo afunguliwe. Kampuni ilisema ni usalama, na kiukweli sababu yenyewe siyo ya kipuuzi: gari inayotoka sifuri hadi 100 kwa sekunde mbili, mkononi mwa mtu aliyezoea gari ya kawaida, ni hatari kwake na kwa anayevuka barabara. Ila kama nguvu hiyo haifai barabarani, kwa nini ndiyo iliyowekwa kwenye bango, na kwa nini imekuwa hatari baada ya malipo kuingia? Wateja walichachamaa, kampuni ikarudi nyuma, apdeti ikasitishwa, farasi wakarudishwa zizini. Ufunguo wa zizi umebaki kule kule ulikokuwa.

Hapa ndipo Wanorwe wa 2014 walikuwa na nafuu. Wao waliuziwa farasi wasiokuwepo, wakapima, wakadai, wakalipwa. Mwenye SU7 Ultra farasi wake walikuwepo kweli, amewahi kuwakanyaga, halafu asubuhi moja mtu aliyekaa ofisini Beijing akawapunguza bila kugusa hata skrubu. Wala siyo China tu. Mwaka 2019 Tesla ilipeleka apdeti iliyobana betri za baadhi ya Model S, na Marekani kesi yake ikaja kuisha kwa makubaliano ya dola milioni 1.5.

Kwenye SU7 Ultra kulikuwa na sakata jingine, la boneti. Boneti ya kaboni yenye matundu mawili ya hewa iliuzwa kama nyongeza kwa yuan 42,000, ikinadiwa kwamba matundu yale yanapitisha hewa na kusaidia kutoa joto. Waliofungua kutazama kwa chini wakakuta umbo la ndani halina tofauti kubwa na la boneti ya kawaida. Kampuni iliomba radhi, ikasema maelezo yake hayakuwa wazi. Waliokuwa bado wanasubiri gari waliruhusiwa kubadili oda warudi kwenye boneti ya alumini. Waliokwishapokea walipewa pointi 20,000 za kutumia kwenye app.