Kazi ya Wengi Hukaguliwa na Wengi

Mzazi aweza kushangaa akimwona kijana wake hapa Mirongo ameinamia kompyuta hadi usiku, akitengeneza programu bila kulipwa hata senti. Tusiharakishe kumwita mvivu. Tutazame kwanza kazi yenyewe.

Karibu na Eldoret, nchini Kenya, kiko kituo cha afya cha Mosoriot. Mwaka 2001 kilianza kutunza habari za wagonjwa kwa kompyuta. Kazi ile ilifungua njia. Mwaka 2004 wataalamu wa Indiana, Marekani, pamoja na wenzao, walianza programu iitwayo OpenMRS. Mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Leo yatumika katika nchi nyingi. Kila mtu ana ruhusa kusoma maandishi yake ya ndani, kuyanakili na kuyarekebisha. Ndiyo maana huitwa programu huria.

Je, kila mtu akiigusa, haitaharibika? Swali jema. Programu ikikosea uzito wa mtoto mgonjwa, mganga aweza kumpa dawa isiyomtosha, au inayomzidi. Kwa hiyo uko utaratibu. Hakuna agusaye nakala kuu ovyo. Mtu huchukua nakala yake, hurekebisha jambo moja, hulijaribu, kisha hulipeleka pamoja na maelezo: kosa lilikuwa nini, na limeondolewaje. Wazoefu husoma mstari kwa mstari. Wakiridhika, huliingiza katika nakala kuu. Wasiporidhika, humrudishia alitengeneze tena. Jina na tarehe hubaki katika kumbukumbu, na badiliko likileta hasara laweza kuondolewa.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Wakirudishiwa kazi, hudhani wamedharauliwa. Sivyo! Mtumbwi hukaguliwa ufukoni, maana ukivuja katikati ya ziwa, watakaozama ni abiria.

Basi, enyi vijana, anzeni na dogo: kusahihisha maelezo, au kutafsiri maneno kwa Kiswahili. Ndivyo ilivyopatikana Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki. Nanyi wazazi, mwulizeni kijana wenu: wiki hii umerekebisha nini, na nani amekukagua? Akieleza vema, mwacheni aendelee. Anajifunza ufundi, na mgonjwa asiyemjua aweza kupata nafuu kwa kazi yake.